Bati Hulia Kwanza

Jumamosi ile tulikuwa na mgeni aliyekuja kumwambia binti yangu makosa yake, na binti yangu mwenyewe ndiye aliyemwita. Nilifagia sebule mara mbili. Nikasogeza cherehani hadi ukutani, nikakunja sare za shule nilizokuwa nashona nikazitia kikapuni, na bado sikujua mgeni wa namna hiyo anapokelewaje. Ukimpa kiti kizuri utaonekana unamhonga. Ukimpa kibovu, na hicho atakisema.

Watu wanamwita Bwana Alama. Ana kipindi redioni kila Jumanne jioni, anazungumzia magemu: hili lina uzuri gani, lina kasoro gani, kisha anatoa alama kati ya kumi. Vijana wanamsikiliza kama sisi tunavyosikiliza matangazo ya vifo, kimya, mkono shavuni. Binti yangu alikuwa amepeleka gemu lake kwenye duka moja la mtandaoni linalouza vitu hivyo, wakamjibu kwa ufupi kwamba watasubiri Bwana Alama atasemaje.

Na si wao peke yao waliokuwa wakisubiri. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, ana duka la vifaa vya ujenzi, na mtu wake wa kaunta alikuwa amehamia mji mwingine. Alikuja akakaa kitako, akamwambia binti yangu mbele yangu:

"Mwanangu, tangu baba yako afariki nimekuacha na michezo yako, sikukusema. Sasa tukubaliane. Huyo bwana wa redioni akisema kazi yako ni nzuri, endelea, mimi nitanyamaza mpaka kaburini. Akisema mbaya, Jumatano asubuhi unakuja kushika kaunta, na hiyo kompyuta unaifunika kitambaa."

Binti yangu alifikiri kidogo. "Sawa, Baba Mkubwa."

Nilimtazama. Huyu mtoto si wa kusema sawa leo halafu kesho akageuka. Nilijua kwamba mambo yakienda kombo, Jumatano atavaa viatu na atakwenda kweli kupima misumari, na hatalalamika, na mimi nitakuwa namsikia asivyolalamika kila siku ya maisha yangu.

Gemu lenyewe nilieleze, maana wenzangu wa rika langu wakisikia neno hilo wanadhani ni bunduki tu. Hili ni la mwanamke fundi wa mabati. Mji wao umevamiwa na dude linaitwa Kutu, jekundu, lina meno kama msumeno, linakula mapaa ya nyumba. Fundi anaruka paa hadi paa, mkononi nyundo, kiunoni kamba. Nyundo ni ya kuwapiga watoto wa Kutu wanaochomoza kwenye matundu, kamba ni ya kuvukia palipo mbali. Mapaa ni saba. La saba ndilo lenye tangi la maji la mji mzima, na akilifikia kabla ya Kutu, watu wanakunywa. Rafiki yake binti yangu, msichana mrefu mwenye vidole vya rangi rangi, ndiye aliyechora kila kitu, nami namwita Mchoraji. Yeye alichora, binti yangu akavifanya vitembee.

Utamu wa mchezo huo uko masikioni. Bati lililooza hulia kwanza kabla halijavunjika. Linasema *ngwee*, kidogo tu, chini ya mguu, na hapo hapo unatakiwa kuruka. Ukikawia, umekwenda. Sauti hizo binti yangu hakuzichukua mahali. Alipanda paa la jiko letu na simu mkononi, akawa anatembea taratibu juu ya mabati ya marehemu baba yake, mimi nimesimama chini nasoma dua zote ninazozijua na nyingine nazirudia.

Kulikuwa na utaratibu wao wa kujaribu mchezo. Akija mtu kuucheza, mwenye kazi haruhusiwi kumwambia kitu. Hata akianguka, hata akienda upande usio wake, asisaidiwe. "Atakayenunua nitamsaidiaje, mama? Nitamfuata kwake?" Lakini binti yangu ulimi wake mwepesi, alikuwa anashindwa. Basi nikampa dawa ya washonaji. Sisi tukiwa kazini tunashika uzi midomoni, na mwenye uzi midomoni haongei. Nikamkatia kipande cha uzi mweusi, akakishika kwa meno. Tangu hapo kila mtu akijaribu mchezo, yeye anakaa nyuma yake na uzi wake mdomoni, macho yamemtoka, kimya kama aliye kwenye swala.

Waliojaribu wote walijaribia sebuleni kwangu, kwenye televisheni ambayo marehemu aliinunua ikiwa imeshatumika kwa watu. Kompyuta yao ina kioo kidogo kilichopasuka na spika zake zilikufa zamani. Kwa hiyo picha waliipitisha kwenye televisheni, sauti wakaitoa kwenye kispika cha pembeni. Watoto wa jirani, wateja wangu, hata mwalimu wa madrasa alijaribu siku moja, akafika paa la pili, akasema astaghfirullah, akarudisha pedi ya kuchezea. Wengi walifika mbali. Wengine walimaliza. Tulijua tuna kitu.

Bwana Alama alikuja saa nne asubuhi. Nilitegemea jitu, alikuwa mtu mfupi, mpole, miwani imefungwa gundi pembeni, amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye taulo kama mtoto mchanga.

"Hiki ni kioo changu, mama," akanieleza baada ya salamu. "Kila gemu nalichezea kwenye kioo hiki hiki, ili nisimwonee mtu wala nisimpendelee. Na nacheza mbele ya aliyelitengeneza. Nisiloweza kumwambia mtu usoni, sitalisema redioni."

"Hapo umesema, baba," nikamjibu, nikampa kiti cha kawaida.

Shemeji alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kochi na fimbo yake. Akamkagua mgeni juu hadi chini. "Wewe ndiye Bwana Alama? Sauti yako redioni ndefu kuliko wewe."

"Wengi wananiambia hivyo, mzee," mgeni akasema huku anafungua taulo. "Wengine hawanyamazi kabla ya kuniambia na mengine."

Wakaunganisha kioo chake na kompyuta, na kispika kikabaki mahali pake. Binti yangu akashika uzi wake. Mchoraji akakaa sakafuni, amekumbatia magoti. Mgeni akaanza.

Paa la kwanza alilipita akitabasamu. Fundi wetu akifika ukingoni anatazama chini, anakaza kilemba chake, ndipo anaruka. Bwana Alama akamrudisha ukingoni makusudi ili amwone tena anavyokaza. "Huyu mwanamke ana uzito," akasema. "Akitua, goti langu linauma." La pili akapiga watoto wa Kutu kwa nyundo, ta, ta, anafurahi kama mtoto. Shemeji akasogea mbele kwenye kochi bila kujijua.

Kwenye paa la tatu ndipo yanapoanza mabati yaliyooza. Mgeni akatia mguu, akaanguka. Akarudia, akaanguka. Akarudia kwa uangalifu, akaanguka tena, akavua miwani akaifuta, akaivaa, akaanguka.

"Hilo paa alilijenga fundi gani?" Shemeji akauliza. "Angekuwa kwangu ningemnyima misumari."

"Shemeji," nikamwambia taratibu.

"Nanyamaza, shemeji. Nimenyamaza."

Mimi si mjuzi wa magemu, ila kuangalia watu nimezoea, na kioo sikukitazama tena. Nilimtazama binti yangu. Mwanzo alikuwa anashangaa, paji limekunjamana, kwa sababu paa la tatu hata mtoto wa jirani mwenye kamasi alilipita. Kisha akafumba macho. Akawa anasikiliza tu. Mgeni akaanguka mara mbili nyingine, na mara ya pili binti yangu akafumbua macho, akageuza shingo pole pole akaitazama televisheni yangu, iliyokuwa imezimwa pale pembeni, imefunikwa kitambaa cha maua.

Alikuwa ameshajua. Nini, sikujua mimi, ila yeye alijua. Na neno moja lingetosha pengine. Uzi ulikaa pale pale kwenye meno. Bwana Alama alilipita la tatu kwa kubahatisha, akaanguka la nne mpaka Mchoraji akaficha uso kwenye magoti, akafika la tano kwa jasho, huko akakwama, akaweka pedi chini.

"Nianze na yapi?" akauliza.

Binti yangu akatoa uzi mdomoni. "Yoyote, kaka. Yote nayataka."

Akaanza na mazuri, na aliyasema vizuri. Uzito wa fundi. Nyundo isiyochosha. Kutu ambaye hasemi neno, unaona meno yake tu yakipita nyuma ya ukuta, na unaogopa. Kisha akasogeza kiti.

"Mabaya. Mchezo wako unadanganya. Unaniambia bati likilia niruke. Mimi nasikia, naruka, na tayari nimeshaanguka. Linalia baada ya kuvunjika. Mara moja nikadhani ni mimi, nimezeeka. Mara kumi, hapana. Mchezo mgumu naupenda. Mchezo mwongo siwezi kuwaambia watu wanunue."

Shemeji aliitazama fimbo yake. Sikumwona akifurahi, hilo nimpe haki yake.

"Ni kweli," binti yangu akasema. "Na kosa ni langu. Ile televisheni ya mama imezeeka, picha inafika imechelewa, kama mtu wa kuitwa mara mbili ndipo aitike. Tulipounganisha tuliona sauti inatangulia mguu. Tukadhani kosa liko kwenye mchezo. Tukaichelewesha sauti mpaka zikalingana. Kwetu zikalingana. Kwenye kioo chako picha haichelewi, sauti ndiyo imebaki nyuma. Mwaka mzima tumeupima mchezo kwa ugonjwa wa televisheni moja."

Mchoraji akaruka juu kama aliyechomwa. "Basi si acheze kwenye televisheni! Kaka, hamia hapa, dakika moja tu, utaona. Wote waliocheza hapa wamepita. Wote."

"Si jambo kubwa," Shemeji akasema, na alishangaza watu. "Mchezesheni hapo. Mteja akilalamika rangi haijakolea, unamwonyesha kopo lingine."

Nami nilishainuka. Sitaficha, mkono wangu ulishaushika ule ukingo wa kitambaa cha maua. Moyoni nasema, kumbe ni kitu kidogo hivi, kumbe tumepona.

"Mama, kaa tafadhali," binti yangu akasema.

"Mwanangu, si acheze tu."

"Akicheza hapo atapita, na atakwenda kuusifu. Halafu watu watanunua wakacheze makwao, waanguke. Atakayenunua hatakuja sebuleni kwetu, mama."

Nikaachia kitambaa. Nikarudi nikakaa. Nimemlea mwenyewe huyu tangu ana miaka saba, nimemfundisha kutosema uongo kwa maneno na mara mbili tatu kwa fimbo. Kulikuwa na mlango uko wazi, watu watatu wanamwambia pita, mmoja wao mama yake, na yeye anakataa kwa sauti ya kawaida, kama anakataa sukari kwenye chai. Nilitazama sakafu, maana nisingetazama sakafu wangeniona.

Bwana Alama alikuwa anakifunga kioo chake kwenye taulo. "Jumatatu mchana nitaufungua tena nyumbani kwangu," akasema. "Nitakachokikuta ndicho nitakachosema. Lakini na cha leo nitakisema. Sifuti nilichoona."

"Kiseme," binti yangu akajibu.

Mgeni alipotoka, Mchoraji akamgeukia binti yangu. "Wewe una wazimu."

"Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Lete kiti."

Wakaanza kazi hapo hapo. Mchoraji alitaka jambo jepesi: sauti irudishwe ilipokuwa, ilingane na kioo cha Bwana Alama, wamalize, wakale. Binti yangu akamuuliza, na mwenye televisheni kama ya mama je? Aanguke yeye? Wakabishana. Mimi nilikuwa nimerudi kwenye cherehani kwa sababu sare hazijishoni, na nilikuwa nampima mtoto mmoja mabega, mama yake amesimama mlangoni. Binti yangu akanyamaza katikati ya ubishi. Akawa anatazama utepe.

"Mama, kuna mtu unamshonea bila kumpima?"

"Yupo. Anayetaka aje kugombana."

Akacheka, akamgeukia mwenzake, na hapo sikuelewa tena maneno, yalikuwa ya kwao. Nilichokielewa nilikiona Jumapili mchana, kwa sababu mimi ndiye niliyefanyiwa. Mchezo sasa ukianza, kabla ya paa la kwanza, fundi anasimama chini uani, mbele yake kuna bati jipya. Taa inawaka, unapiga nyundo. Inawaka, unapiga. Kisha taa inazimwa, unapiga kwa kusikia tu. Mchezo unajua hapo picha yako inachelewa kiasi gani na sauti kiasi gani, na mkono wako ulivyo, unajikata na kujishona kufuata mwenye nyumba.

"Mama, unapiga kama unafukuza kuku," Mchoraji akasema.

"Kuku nimewafukuza kabla hujazaliwa. Nyamaza nipimwe."

Nikapimwa. Kisha nikapita paa la kwanza, mimi mwanamke wa darasa la saba, na la pili, na kwenye la tatu bati likalia *ngwee* chini ya mguu wangu na nikaruka. Nikaanguka lililofuata. Lakini niliruka.

Kazi haikuisha kwa hilo. Mapaa mengine yalikuwa yamejengwa kufuata lile kosa, ikabidi mabati yasogezwe moja moja, na kila likisogezwa lichezwe, na likichezwa lisogezwe tena. Walikula kwa zamu. Shemeji alipita Jumapili alasiri, akasimama mlangoni, akawaona wameinama hivyo, akaniuliza kwa sauti ya chini kama wamekula. Nikamwambia wamekula. Akaondoka bila kukaa.

Mimi niliswali. Nilitaka kumwomba Mwenyezi Mungu amlainishe yule mgeni, na kila nikiinua mikono naona haya, maana ni kama kuomba mtu afumbwe macho ili bidhaa ipite. Nikabadilisha. Nikaomba lolote litakalosemwa Jumanne, binti yangu alisikie akiwa amesimama wima. Jumatatu asubuhi wakautuma mchezo kwa Bwana Alama. Mchoraji akalala kwenye kochi na viatu.

Jumanne jioni tulikuwa wanne mbele ya redio. Shemeji alikuja na funguo za duka, akaziweka mezani bila kusema kitu. Hakuziweka kwa ubaya. Ni mtu wa ahadi, na ahadi huja na vifaa vyake. Binti yangu aliziona. Alikuwa amevaa vizuri, amechana nywele, na nilielewa kwa nini: kama ni kwenda Jumatano, ameshajiandaa moyoni.

Muziki wa kipindi ukaisha. Bwana Alama akaanza na sauti ile ndefu.

Akaueleza mchezo. Akausifu uzito wa fundi, akasifu kila paa kuwa na sauti yake, akasema amecheza magemu mengi ya kurukaruka na hili ndilo la kwanza lililomfanya atembee juu ya bati kwa heshima. Mchoraji alikuwa anang'ata kucha, sasa akaziacha. Kisha redio ikasema, "Sasa kasoro," na mkono wa Mchoraji ukaenda mbio kwenye kitufe, akapunguza sauti mpaka ikawa mnong'ono.

Binti yangu akanyoosha mkono akaiongeza. Akaipandisha kupita pale ilipokuwa mwanzo, mpaka jirani akafungua dirisha.

Basi tukasikia wote, na mtaa nao. Paa la sita lina giza mno, unakufa hujui nani kakuua. Ukianguka unarudishwa mbali, kama mtu aliyesahau mkoba. Kamba ni nzuri mpaka paa la nne, baada ya hapo fundi anaisahau kiunoni na mchezo nao unaisahau. Mwisho unakimbia: unafika kwenye tangi, maji yanatoka, basi, kama mtengenezaji aliitwa kula. Na siku ya kwanza aliyoucheza sauti ilichelewa, mchezo haukuchezeka.

"Hilo la mwisho," akaendelea, "limerekebishwa, na lilivyorekebishwa sijawahi kuona. Niseme na hili. Siku ile mwenye mchezo alikaa nyuma yangu nikianguka asubuhi nzima. Kulikuwa na televisheni humo ndani ambayo ningehamia nikashinda, na nisingejua lolote. Yeye ndiye aliyekataa nihamie. Nampa saba kati ya kumi. Nunueni. Mkifika paa la sita, msinitukane mimi."

Shemeji akazima redio.

"Saba," akasema. "Dukani kwangu ndoo ya lita kumi ikijaa saba, mteja anairudisha na matusi juu. Hebu niambie, mwanangu, amekusifu au amekusema?"

"Vyote viwili, Baba Mkubwa."

"Ndilo tatizo langu. Mimi nilisema akisema nzuri ubaki, akisema mbaya uje. Hakusema moja. Sasa nifanyeje?"

"Wewe ndiye mwenye neno. Mimi nilishasema sawa."

Nilitaka kuingilia, nikajizuia. Hapo mtu mwingine angelia, angesema si umesikia nunueni. Yeye alikaa wima, mikono mapajani, anamtazama baba yake mkubwa bila kiburi na bila kuomba. Dua yangu niliiona imekaa kitini.

Shemeji akazishika funguo, akazigeuza geuza. "Mwenzako alipunguza sauti. Wewe ukaongeza. Kwa nini?"

"Nilitaka kusikia vizuri. La kamba sikulijua."

"Majirani wote wamesikia."

"Nao watanunua, Baba Mkubwa. Bora wajue."

"Nikikuweka kaunta," Shemeji akasema pole pole, "akija mtu kununua ile rangi ya kopo la kijani, utamwambia nini?"

"Kama inabanduka nitamwambia inabanduka."

"Inabanduka." Akazitia funguo mfukoni, akainuka kwa fimbo yake. "Shemeji, huyu mtoto wako kaa naye mwenyewe. Kwangu nitafunga duka kabla mwezi haujaandama." Alifika mlangoni akageuka. Hakumtazama binti yangu, alinitazama mimi. "Marehemu angekaa hapa leo, pasingekalika. Angetutambia mpaka tuhame."

"Nitatamba kwa niaba yake," nikamwambia.

"Tamba, shemeji. Una haki."

Alipotoka, wale wawili walikuwa wameshavuta viti. Mchoraji anasema taa za paa la sita ziongezwe, binti yangu anasema wasiongeze taa, wampe fundi kibiriti. Ubishi ukaanza upya. Siku chache baadaye lile duka la mtandaoni likajibu kwamba linaupokea mchezo, na wangependa la sita liangaliwe. Binti yangu akanisomea, akasema, "Wanajua kusikiliza redio."

Alhamisi iliyofuata akaja mteja wangu mmoja kuchukua sketi ya mwanawe, mwanamke wa maswali. Akaigeuza sketi nje ndani, akatazama mshono, kisha akaniuliza kama binti yangu bado yupo nyumbani tu.

"Yupo nyumbani, ametengeneza gemu," nikamwambia. Nikamweleza fundi wa mabati, na nyundo, na bati linavyolia. Akafungua mdomo kunipongeza, nikaendelea. Nikamwambia ukianguka unarudishwa mbali mno, kamba inasahauliwa njiani, mwisho unakwenda mbio, na paa la sita lina giza.

"Mbona unamsema mwanao?" akashangaa.

"Simsemi. Kazi yake ndivyo ilivyo, na ni nzuri. Amepata saba, na mimi nilikuwepo anazipata."

Akaikunja sketi taratibu. Akauliza sasa hilo la sita watalifanyaje.

"Wanabishana," nikamwambia, nikavuta kiti cha pili karibu na cherehani. "Kaa nikuelezee, maana mimi niko upande wa kibiriti."